MJADALA: Kabla ya kuongeza mada za mazingira shuleni, tuwaondolee wanafunzi mzigo wa kuni

Wadau wa elimu, habari zenu. Kila inapokaribia Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, tunasikia yale yale: watoto hawana uelewa wa mazingira, mada ziongezwe, kila shule ipande miti. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Shinyanga, na naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Mada zipo za kutosha. Kinachotuangusha ni kwamba tunayoyafundisha darasani tunayavunja jikoni, tena kwa mikono ya mwanafunzi yule yule.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una somo linaloitwa Jiografia na Mazingira. Muulize mtoto madhara ya kukata miti ovyo, atakutajia bila kusita: ukame, mmomonyoko wa udongo, kukauka kwa vyanzo vya maji. Anapata vema zake. Halafu Ijumaa mstarini anatangaziwa kwamba Jumatatu kila mmoja aje na kuni za kupikia uji na makande.

Kwa ambaye hajauona utaratibu huu: asubuhi kiranja anasimama karibu na jiko na daftari lake, anatia tiki kwenye majina. Aliyekuja mikono mitupu anarudishwa kuzitafuta, na kipindi cha kwanza kinampita. Ukizitazama kuni zenyewe utaelewa hali ilivyo. Nyingi ni vijiti vyembamba vya mgunga, ganda bado ni kijani, na kwenye mkato wa panga utomvu haujakauka. Maana yake kuni kavu za kuokota karibu na nyumbani zimekwisha, mtoto amekata mti mbichi. Zikiingia kwenye mafiga zinafuka tu, na mpishi anatoka nje mara kwa mara kufuta macho kwa kanga. Na majumbani kazi ya kutafuta kuni hizo inamwangukia mtoto wa kike zaidi, tunalijua hilo.

Nimeshalizungumza hili na walimu wenzangu na wazazi, na hoja za kunipinga si dhaifu. Nzito kuliko zote ni ya njaa. Elimu bila malipo ilianza 2016, lakini chakula cha shule ya kutwa kimebaki mikononi mwa wazazi. Mzazi mmoja mjumbe wa kamati aliniambia waziwazi: "Mwalimu, mahindi tunachanga kwa shida, ukituongezea na hela ya gesi uji utakufa." Nakubaliana naye kwamba uji usife. Mtoto aliyekunywa uji anasoma, na asiyekunywa anasinzia saa nne asubuhi. Yeyote anayesema shule zote zihamie kwenye gesi kesho atuambie mtungi utajazwa na nani.

Hoja ya pili ni ya Elimu ya Kujitegemea, kwamba Mwalimu Nyerere mwaka 1967 alitaka shule zifanye kazi, kwa hiyo kubeba kuni ni malezi. Hapa nabisha. Alichotaka Mwalimu ni shule izalishe, iwe na shamba lake na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua. Kumtuma mtoto akachukue kuni porini hakuzalishi kitu. Shule yenye shamba la mijohoro, inayokata kwa zamu na kuacha visiki vichipue tena, hiyo ndiyo inajitegemea.

Wapo pia wanaosema Serikali imeshalimaliza suala hili. Ni kweli agizo lilitoka: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na tarehe iliyotajwa ilikuwa Januari 2024. Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Ni mipango mizuri na naiunga mkono. Sekondari ya bweni inayopewa fedha ya chakula na Serikali inaweza kutekeleza, na ikichelewa iulizwe. Shule ya msingi ya kutwa inayotegemea debe la mahindi la mzazi haina fungu hilo, na agizo peke yake haliwashi jiko.

Tuje kwenye upandaji miti, maana ndipo wengi wanaposema "shule zetu zinajitahidi". Huku kwetu mvua za msimu zinaanza Novemba na kufikia mwanzoni mwa Mei zimeisha. Juni 5 ni kiangazi. Tunawapanga wanafunzi mstari, mgeni rasmi anashika mche, picha zinapigwa, na kufikia Agosti mashimo yana vijiti vikavu. Mwanafunzi anajifunza kwamba kupanda mti ni sherehe. Kama ni lazima tupande, tupande Desemba au Januari ardhi ikiwa imelowa, na Juni iwe siku ya kuhesabu ilipona mingapi.

Inaniuma zaidi kwa sababu mkoa huu una somo lake wenyewe. Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa la Tanzania. Misitu ilifyekwa, mingine ili kutokomeza mbung'o, mingine kwa ajili ya pamba, na mifugo ikazidi uwezo wa ardhi. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na kilichofanikiwa kuliko vyote hakikuwa vitalu vya miche. Ilikuwa ni kuurudia utaratibu wa Wasukuma wa ngitili: eneo linafungwa msimu wa mvua, mifugo haiingii, majani yanatunzwa kwa ajili ya kiangazi, na visiki vinaachwa vichipue vyenyewe. Maeneo yaliyorudishiwa uoto yalikuja kuhesabiwa kwa zaidi ya hekta 300,000. Wazee walioshiriki bado wapo vijijini. Waiteni darasani kabla hawajaondoka, na watoto wapelekwe kuuona mpaka wa ngitili: upande huu mgunga umefika kiunoni, upande wa pili ni vumbi.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha nyingi. Kwanza, marufuku kwa mwanafunzi kubeba kuni. Kama wazazi wameridhia kuchangia nishati, basi zije kwa mkokoteni wa ng'ombe, zikiwa kavu, kutoka eneo ambalo serikali ya kijiji imeruhusu. Pili, mafiga yaondoke, lijengwe jiko banifu, yaani linalotumia kuni chache, la matofali na lenye bomba la moshi. Fundi wa kijiji akionyeshwa analiweza, na gesi itakapofika itakuta tumeshapunguza mahitaji. Tatu, kona moja ya eneo la shule ifungwe kama ngitili.

Hapo ndipo Jiografia na Mazingira inapata mwili. Darasa la tano wapime kuni kwa mizani ya mahindi wiki ya mafiga, wapime tena wiki ya jiko banifu, kisha wachore grafu ya hesabu zao. La sita wahesabu machipukizi kwenye kona iliyofungwa, kila muhula, na daftari libaki shuleni ili wanaofuata waendeleze. Mtoto aliyeona kwa mizani yake kwamba mzigo umepungua atakwenda nyumbani kumwambia mama yake kuhusu jiko, na mama atamsikiliza kwa kuwa ana namba mkononi.

Najua kuna walimu wakuu watakaosema wanabanwa juu na chini, na ni kweli wanabanwa. Ndiyo maana nataka amri ya kukataza kubebesha watoto kuni itoke halmashauri kwa maandishi, mwalimu mkuu asiachwe peke yake mbele ya wazazi.

Sasa nawasikiliza. Mnaofundisha mikoa mingine, jikoni kwenu kunawaka nini, na anayeleta ni nani? Wale ambao shule zenu zimehamia kwenye gesi au mkaa mbadala, mlichangishana vipi na uji uliendelea? Na mzazi anayeona nimekosea kuhusu kuni aniambie mwanawe alizikata wapi Jumatatu iliyopita.