Je, mtu anaweza kuwa mfuasi wa kweli wa dini mbili kwa wakati mmoja?

Mwana wa Nyumba Mbili anauliza:

Ndugu zangu, naomba mnisaidie katika jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miaka mingi, na ambalo sasa siwezi tena kuliahirisha. Baba yangu ni Mwislamu na mama yangu alikuwa Mkristo. Hakuna aliyemvuta mwenzake, na hakuna aliyetulazimisha sisi watoto. Nimefunga Ramadhani pamoja na baba tangu utotoni, na kila Pasaka nimekaa kanisani kando ya mama, wala sikuwahi kuhisi kwamba naigiza katika upande wowote.

Mwaka huu mama amefariki. Siku chache baada ya maziko, mjomba aliniuliza kwa upole kabisa: “Siku yako ikifika, tukuzike kwa ibada gani?” Sikuwa na jibu. Akanikumbusha kwamba njia mbili zilimshinda fisi.

Siulizi juu ya kuheshimu dini za wengine, maana hilo nalijua na nalikubali. Nauliza kama inawezekana mtu awe mfuasi kamili wa dini zaidi ya moja, au kama muda wote huu nimekuwa nikijidanganya.

Mpekuzi wa Historia anajibu:

Pole sana kwa msiba, ndugu. Nadhani jibu linategemea kwanza maana ya neno “kufuata”, kwa sababu dini zote hazidai kitu kile kile kutoka kwa wafuasi wake. Nchini Japani, Ushinto, yaani dini ya asili ya nchi hiyo, na Ubudha viliishi katika maeneo yale yale ya ibada kwa zaidi ya miaka elfu moja, na mtu aliwatolea sadaka kami, yaani miungu ya Kishinto, kisha akawasomea marehemu wake sutra, maandiko ya Kibudha, bila kuona kwamba amevuka mpaka. Mpaka huo uliwekwa na serikali mwaka 1868, pale watawala wa enzi ya Meiji walipoamuru mambo ya Ushinto yatenganishwe na ya Ubudha. Hata hivyo watu wengi waliendelea na yote mawili, na hadi leo ukijumlisha waumini wanaotajwa na jumuiya za dini za nchi hiyo unapata idadi inayozidi ile ya wananchi wenyewe, kwa kuwa mtu mmoja huhesabiwa huku na kule. Nchini Uchina vilevile, mafundisho ya Confucius, ya Dao na ya Buddha yalizoeleka kuitwa mafundisho matatu, na familia moja iliweza kuyategemea yote kwa mahitaji tofauti.

Dini zinazomtaja Ibrahimu kuwa baba yao hazikujengwa hivyo. Amri ya kutokuwa na miungu mingine imewekwa mwanzoni kabisa mwa zile amri kumi. Hata hivyo, hata huko mpaka umewahi kusogea. Wakristo wa Uchina walipotaka kuendelea kuinama mbele ya mababu zao na mbele ya Confucius, Kanisa Katoliki lilibishana kwa muda mrefu iwapo tendo hilo ni ibada au ni heshima tu. Mwaka 1715 Papa Clement XI alilikataza. Mwaka 1939, chini ya Papa Pius XII, likaruhusiwa. Tendo lilikuwa lile lile, na Kanisa lilikuwa lile lile, ila uamuzi juu ya maana yake ndio uliobadilika. Kwa hiyo nisingekuita mwongo, ndugu yangu, lakini nakuomba ujiulize, kwa kila tendo unalolifanya, unakusudia nini unapolifanya.

Ustadh anajibu:

Mwanangu, Mwenyezi Mungu akupe subira. Mimi nafundisha dini, na nitasema ninavyoamini, bila kukuhukumu. Neno letu “dini” na neno letu “deni” yote mawili yametoka katika Kiarabu, nayo yanakutana katika herufi za shina moja: dali, ya na nuni. Dini kwetu ni wajibu ambao mja anamlipa Mola wake, na mwenye kudai ni Mmoja.

Mpekuzi ameeleza matendo vizuri, lakini matendo hayatoshi, kwa sababu yapo pia yanayosadikiwa. Mwislamu humheshimu Nabii Isa na mama yake Maryamu, na asiyewaheshimu Uislamu wake una kasoro. Lakini Kurani inasema katika Sura An-Nisaa, aya ya 157, kwamba hawakumuua wala hawakumsulubu, ilhali imani yote ya Mkristo imesimama juu ya msalaba na kufufuka. Mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja, na mtu anayeyakiri yote Ijumaa na Jumapili anavinyima vitabu vyote viwili haki ya kusema vinachosema. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye ugumu wako. Sioni ubaya katika kukaa kwako kanisani kando ya mama.

Usidhani kwamba kuchagua ni kumkana mzazi. Kurani imemruhusu Mwislamu kuoa katika Watu wa Kitabu, imesema hapana kulazimisha katika dini, na imemwagiza mtoto kuishi kwa wema na wazazi hata pale asipokuwa pamoja nao katika imani. Baba yako aliishi na mama yako kwa msingi huo huo, na naona alifanya vyema.

Mkaa Kimya anajibu:

Shikamoo Ustadh. Nakubaliana nawe kwamba maneno ya imani yanapogongana hayapatanishwi kwa kunyamaza. Ila nina neno kwa ndugu yetu, kwani mimi ni Mkatoliki na kwa miaka kumi na tano nimekuwa nikikaa katika tafakuri ya Zen, tawi la Ubudha, kila alfajiri.

Si mimi wa kwanza. Hugo Enomiya-Lassalle, padri Mjesuiti aliyekuwapo Hiroshima bomu lilipoanguka mwaka 1945, alifunzwa Zen na baadaye akawafunza Wakristo wengine, na alifariki mwaka 1990 akiwa bado padri. Na katika masimulizi ya Ubudha wenyewe, Upali, aliyekuwa mfuasi mashuhuri wa Wajaini, watu wa dini nyingine ya kale ya India, alipotaka kumfuata Buddha, aliambiwa asiharakishe, na aendelee kuwapa chakula watawa aliokuwa akiwahudumia. Simulizi hilo hunigusa kila ninapolikumbuka.

Hata hivyo sitaki kukupendezesha. Ann Holmes Redding, kasisi wa Kanisa la Episkopali huko Seattle, Marekani, alitangaza mwaka 2007 kwamba yeye ni Mkristo na Mwislamu kwa pamoja. Askofu wake alimpa muda wa kutafakari, na mwaka 2009 alivuliwa ukasisi. Naamini alisema kweli juu ya moyo wake, na naamini pia kwamba Kanisa lilikuwa na haki ya kusema nani ahubiri kwa jina lake. Moyo wa mtu na ushirika wa waumini ni mambo mawili, na swali la mjomba wako lilihusu ushirika.

Nikiulizwa Mungu ni nani, najibu kama Mkatoliki. Kwa hiyo nina dini moja na mwalimu wa pili. Wewe je? Usiku ule mama alipofariki, ni sala gani iliyokutoka kinywani kabla hujafikiri?

(Na huyo fisi wa mjomba alipatwa na tamaa ya nyama mbili. Wewe ulizaliwa njia panda.)

Msafiri anajibu:

Ndugu, kwa nini usiitazame imani ya Kibahai, ambayo inakubali kwamba Musa, Isa na Muhammad wote walitoka kwa Mungu mmoja?

Mpekuzi wa Historia anajibu:

Ni kweli kwamba inawakubali, Msafiri, lakini Mbahai hatarajiwi kubaki mwanachama wa kanisa au wa jumuiya nyingine ya dini. Hiyo itakuwa dini ya tatu kwake, naye aliuliza juu ya mbili alizo nazo.

Mwana wa Nyumba Mbili anajibu:

Nawashukuru nyote. Swali la Mkaa Kimya limenifanya nikae muda mrefu bila kuandika. Usiku ule nilisema kwanza “Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun”, bila kufikiri. Kisha nikasali Baba Yetu hadi mwisho, taratibu, kwa sababu mama angetaka kuisikia. Sikuwahi kuona tofauti ya sala hizo mbili hadi leo. Ya kwanza ilikuwa yangu; ya pili nilimpa mama.

Ustadh, sijui kama hilo tayari ni kuchagua. Jumamosi nitakwenda kwa baba nimweleze yote kabla sijamjibu mjomba, maana katika miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza yeye alikuwa akiomba nini wakati mimi na mama tulipokuwa kanisani.