Hivi picha za jimu za "kabla na baada" ni za kweli?

Nalongo_K: Habari zenu wapendwa. Yale mabango ya jimu, mwanamke mnene kushoto, kulia tumbo bapa, ni ya kweli? Namuulizia rafiki yangu anayetaka kujiunga. Usingizi sipati.

Mzee wa Bombo: Binti yangu, rafiki ajiunge, usingizi ukose wewe?

Kifimbo: Jimu ni pesa bure. Mimi nashusha mikungu ya matoke sokoni Nakawa, Kampala, tumbo ni ubao. Mke wangu alianza kukimbia alfajiri, siku ya tatu mbwa wakamfukuza. Sasa anarukaruka sebuleni na jirani wa chini hatusalimii.

Dada Salome: Mwili ni zawadi ya Mungu. 2019 Godfrey Kiwanda, aliyekuwa waziri wa nchi wa utalii hapa Uganda, alitaka sisi wenye maumbo tuwe kivutio cha watalii, tukapiga kelele. Leo bango linataka kiuno cha nyigu. Tushike lipi?

Mzee wa Bombo: Nalongo, hujanijibu.

Nalongo_K: Haya. Kwenye bango ni mimi. "Kabla" nilikuwa na wiki sita tangu nizae pacha, wakaniambia nilegeze tumbo na nisitabasamu. "Baada" uso ni wangu, tumbo silijui. Nilizaa kwa upasuaji, na kitovu changu kimetokeza tangu utotoni. Cha kwenye bango kimezama kama tundu la kifungo, michirizi hakuna hata mmoja! Walinipa laki tano. Mimi sijadanganya mtu, nilipigwa picha tu. Sasa wanataka video, laki nane, niseme ni mazoezi matupu. Nimeshakubali, Jumatatu naenda. Nauliza tu kama naweza kushtakiwa.

Kifimbo: Laki nane! Mwanaume wa "kabla" hawatafuti?

Wakili Barazani: Ufaransa tangu 2017, picha ya biashara ikipunguzwa au kunenepeshwa umbo la mwanamitindo, lazima iandikwe kuwa imerekebishwa. Wewe mkataba wako unasemaje?

Nalongo_K: Nakala sikupewa. Lakini ni watu wazuri.

Chui wa Kireka: Ngojeni kwanza. Huyu Nalongo kajiunga humu jukwaani leo, huu ndio uzi wake wa kwanza. Hii ni jimu inajitangaza, kesho mtawekewa namba ya simu.

Dada Salome: Na mimi nilishtuka. Nilikuwa nimeshaanza kumuombea.

Chui wa Kireka: Kama ni kweli, weka picha ya hicho kitovu tulinganishe.

Nalongo_K: Mume wangu analipita bango kila siku na bodaboda yake, hajajua ni mimi. Nikuoneshe wewe?

Kifimbo: Kwa hiyo nafasi ya mwanaume ipo au haipo?