"Other items" 120,000: Kiingereza hiki cha gunia kimenichosha

Wadau, naomba nitoe nyongo. Mtoto wangu yuko darasa la tano hapa Kampala. Juzi kaja na barua ya muhula mpya, Kiingereza kitupu. Rimu 2 za karatasi. Mafagio 2, la ndani na la nje. Karatasi za chooni roli 12. Sukari kilo 4. Mpaka hapo sina neno, hata fagio wameeleza ni la wapi. Chini kabisa: "Other items, 120,000".

Items zipi?

Nikafunga duka, nikapanda boda hadi dirishani kwa mhasibu. "Madamu, hizi ni nini?" Akaniangalia kama nimemuuliza umri wake. "Ssebo, ni logistics." Logistics gani? "General things." Kama zipi? "Ni issues za shule, ssebo, various." Foleni nyuma yangu imeanza kuguna. Nimeuliza mara 3, nimepewa magunia 3, yote yameshonwa mdomo.

Oneni ujanja wenyewe. Ninachotakiwa kuleta mimi kinahesabiwa hadi roli ya mwisho. Wanachokula wao ndicho "other".

Na si shule tu. Dai malipo yako ofisini, utaambiwa "there are some issues". Nauli ya semina na bahasha ya chini ya meza, zote "facilitation". Halafu kuna neno lao "stuff", hilo ndilo limenishinda kabisa: halina wingi, hata kuuliza ngapi huwezi! Niandikie "vitu" nikuulize vingapi, vya nani, viko wapi. Vi-vi-vi mpaka useme.

Msije hapa kuniambia Kiswahili nacho kina "mambo" na "kitu kidogo". Najua. Ila kitu kidogo hata mtoto anajua ni nini, na hakuna anayethubutu kukiandika kwenye barua yenye muhuri.

Katiba yetu ilirekebishwa 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, kitumike pale Bunge litakapopanga kwa sheria. Kwenye barua za shule sijakiona bado.

Nimelipa. Ningefanyaje, mtoto arudishwe getini? Risiti ninayo hapa mkononi. Wameandika "sundries", yaani vitu mbalimbali.