Mti wenye majani ya chumvi huku Mikindani, ndo mkoko?

Kijana wa Mikindani: Wakuu habari, huku kwetu kuna mti kwenye tope, jani ukililamba chumvi tupu na chini vimizizi vimechomoza kama penseli, watu wanasema mkoko. Nataka kupanda nyuma ya nyumba maji yanakula ardhi jamani inauma.

Mvuvi Msimbati: Huo ni mchu ndugu yangu. Chumvi unaitoa kwa majani na vile vimizizi unapumulia, maana tope halina hewa. Mkoko mizizi inatoka kwenye shina inashuka kama miguu ya kaa, halafu mbegu yake inachipua ikiwa bado mtini, inarefuka kama rula ndo inadondoka kwenye tope.

Bi Kilwa: Nyumba ya babu boriti zote mkoko, mpaka leo zimesimama! Magome walitia rangi nyavu. Mchu sisi kuni za kuchomea chokaa. Ila msikate bila kibali, ni hifadhi.

Kijana wa Mikindani: Shukrani, sasa nipande upi?

Mvuvi Msimbati: Kama maji hayafiki kila siku weka mchu, unavumilia chumvi kali. Mkoko unataka tope laini.