Mboji ya kwenye ndoo inanuka, nakosea wapi?

Habari zenu wakuu. Nimepanga chumba Mbagala, ua tunatumia wapangaji wanne. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 naenda sokoni na kikapu changu cha ukindu, hilo nimeshalizoea. Sasa najaribu kutengeneza mboji ya kupandia mchicha kwenye viroba. Nimetoboa ndoo ya lita 20, natupia maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na majani ya chai. Wiki ya tatu hii, imekuwa uji mweusi, funza wanatambaa hadi kwenye mfuniko, na mama wa chumba cha pili ameanza kununa (simlaumu). Nasikia niongeze maranda ya mbao. Kiasi gani? Au nianze upya tu?