Naombeni ushauri: Nile ya Jinja kwa boti ya mpira, na kuogelea sijui

BintiZiwa: Wakuu, habari za jioni. Wenzangu kazini wamepanga twende Jinja, Uganda, tukateremke maporomoko ya Nile. Nimekulia Mwanza lakini kuogelea sijui. Maji yakinifika kifuani tu moyo unaenda mbio. Wao wanataka siku nzima, daraja la 5 (ukali wa maji hupimwa kwa daraja la 1 hadi la 6). Natamani sana kwenda, ila sitaki kuwa mzigo. Mliowahi kwenda, nisaidieni.

Kasia: Nenda, dada. Wasiojua kuogelea wanapanda, na jaketi okozi litakuibua. Nile pale ina kina, na baada ya poromoko kwa kawaida huja maji yaliyotulia, ndipo vijana wa kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya mtu mmoja, wanapowaokota walioanguka. Ukianguka, lala chali, miguu itangulie kule mto unakoelekea, vidole vya miguu vionekane juu ya maji. Usijaribu kusimama kwenye mkondo! Mguu ukinasa kwenye miamba, maji yanakulaza kifudifudi. Boti ikikufunika, isukume kwa mikono ukielekea upande mmoja tu mpaka utoke.

Mtu wa Malaba: Natofautiana kidogo na Kasia. Jaketi haliondoi hofu, na mwenye hofu hasikii amri. Omba safari ya maji mepesi kwanza, wenzako waende na ya kwao. Halafu muulizeni wakala mnapita sehemu gani hasa, maana wengi wanasoma habari za zamani. Bwawa la Bujagali lilimeza maporomoko ya juu, likazinduliwa 2012. La Isimba likafuata 2019, likazamisha mengine huku chini. Yaliyobaki bado makali. Kwenye maporomoko ya Itanda kuna sehemu ya daraja la 6 ambayo wageni hawapitishwi: mnashuka, mnatembea ukingoni, mnapanda tena mbele. Kampuni isiyo na kayaki za uokoaji msipande hata kwa bure.

Nesi Bukoba: Kichocho kipo kwenye maji yale, msikipuuze. Kapimeni wiki 6 hadi 8 baada ya kurudi, hata kama hujisikii vibaya. Dawa ipo, prazikwanteli, ila daktari ndiye akuandikie. Msisahau kadi ya homa ya manjano na kinga ya malaria.

BintiZiwa: Asanteni sana. Je, nimwambie kiongozi wa boti kwamba siogelei? Naona aibu mbele ya wenzangu.

Kasia: Mwambie kabla hamjaingia majini, tena kwa sauti. Atakukalisha karibu naye na kukukazia jaketi mpaka lisipande ukivutwa mabegani. Hapo Mtu wa Malaba yuko sahihi, anza na maji mepesi.

Mtu wa Malaba: Mkitokea Kampala mtapita msitu wa Mabira. Simameni Najjembe, soko la kando ya barabara, mle kuku wa kijiti na gonja (ndizi za kuchoma), lakini iwe wakati wa kurudi. Asubuhi kula kidogo.

BintiZiwa: Nimeshawaambia nachukua maji mepesi. Wawili wamesema tunakwenda pamoja.