Naomba ushauri: wapi nitapata rangi za kinyonga za lipglosi zilizo salama mdomoni?

Habari zenu wapendwa. Natengeneza lipglosi nyumbani hapa Dar na kuuza kwa oda za WhatsApp. Wateja sasa wanataka zile zinazobadilika rangi kwenye mwanga, ukigeuka hivi zambarau, ukigeuka vile kijani.

Kariakoo unga wa kung'aa upo tele, ila mwingi ni wa kucha au wa epoksi (gundi ngumu ya kutengenezea mapambo), na ukimuuliza muuzaji kama unafaa mdomoni anakujibu "dada, wote wanatumia". Mdomo unalambwa jamani! Ninachotafuta ni maika (unga wa madini yanayong'aa) iliyopakwa titani dioksidi (rangi nyeupe ya madini), ya daraja la vipodozi, yenye namba za utambulisho wa rangi CI 77019 (maika) na CI 77891 (titani dioksidi) kwenye lebo, pamoja na cheti cha maabara cha bechi husika kinachoonyesha viwango vya sumu kama madini ya risasi, aseniki na zebaki.

Kuna anayeagiza China au India kidogo kidogo, gramu 50 hivi, bila kulazimishwa kilo nzima? Na cheti mnakihakikije? Maana PDF kila mtu anaweza kuitengeneza. Aliyewahi kusajili lipglosi TBS (Shirika la Viwango Tanzania) pia anieleze alidaiwa nyaraka gani za rangi. Glita za plastiki msinishauri, sizitaki.